Mkono Uliobaki Nje ya Picha

Kismayu, 6 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Rawda, Mombasa,

Assalaam alaykum. Kabla hujakaa vizuri kuisoma barua hii, jua kwamba Kismayu yote, kuanzia lango la bandari mpaka mwisho wa Farjano, hakuna sura inayokwenda popote pasipo kupita mikononi mwangu. Mwenye kutaka pasipoti, kwangu. Mwenye kuoa, kwangu. Mwenye kugombea cheo, kwangu, na ukisikia fulani kashindwa basi ujue alikwenda kupigwa picha kwa mwingine. Juzi alinijia ofisa mmoja mkubwa, jina silitaji kwa sababu za usalama. Nilimtoa picha kali hata ilipofika nyumbani mkewe akaiamkia, akaiuliza mbona imechelewa kurudi.

Nawe hujambo? Mumeo Tariq hajambo? Sabah amepona kile kikohozi? Na mama yangu, bibi yako Ummi, macho yamefikia wapi? Mimi mzima, ila goti la kulia linanisumbua. Goti hili hujua mvua kabla mawingu hayajashauriana.

Sauti uliyonitumia nimeisikia, lakini mimi sauti siijibu kwa sauti. Mama alitufunza kwamba neno la maana huandikwa, likasomwa mara mbili. Basi naandika kwa kalamu, naipiga picha karatasi, nakutumia kwa simu. Umsomee mama, na pale ninapojisifu usiruke.

Unasema mama anataka picha ya marehemu dada yangu Mwanahija, Mungu amrehemu, ikuzwe iwe kama mlango, kwa kuwa jicho alilobakia nalo linaona vitu vikubwa tu. Umefika kwa mwenyewe. Picha ya dada iliyobaki duniani ni moja, nayo ninayo mimi, ndani ya mkebe wa biskuti. Ni ya siku ile tuliyoishua majini mashua ya marehemu baba kule kisiwani Ngumi, mwaka wa themanini na tisa, tukaletewa mpiga picha makusudi kutoka Kismayu. Wachu wote wa kisiwa, watu wazima na watoto, wamo. Mbele kabisa yupo aliyeshika kamba, mgongo kama mlango wa msikiti, uso kaugeuzia upande wa bahari. Huyo ndiye mimi mjomba wako, nina miaka kumi na saba. Wale wengine waliishika kamba kwa adabu tu. Dada yuko pembeni, mkono wa kulia.

Picha hiyo imebandikwa nyuma ya bajaji ya rafiki yangu Faisal, na chini yake maneno MVUTAJI MMOJA. Watu husimama njiani kuisoma.

Nakutumia hapa hapa pamoja na barua. Ikuze utakavyo.

Mjomba wako,
Shuaibu wa Ngumi, Daktari wa Picha

Mombasa, 8 Januari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Sisi wazima. Kikohozi cha Sabah kimekwisha, kimebaki cha kuigiza asiende madrasa. Goti lako Bibi anasema ulipakie mafuta ya nyonyo na uache kulisifu.

Barua imefika, ila nusu ya maneno nimeyabahatisha. Herufi zako zimekuja na vumbi pembeni, kama siafu waliopita kwenye unga. Kosa si la mwandiko. Umeituma kama picha, na simu ikaibana ikawa JPEG ndogo. JPEG inafaa nyuso na majani na mawingu, vitu ambavyo rangi zake huingiana polepole. Wino mweusi juu ya karatasi nyeupe una ukingo mkali, na ukingo ndio wa kwanza kuumia. Barua nitumie kwa PNG, tena kama faili.

Sasa picha yenyewe. Mimi kazini kwangu, kwenye duka la mabango hapa Majengo, kila siku naletewa picha kama hii na kila siku nairudisha. Imekuja na kilobaiti arubaini. Najua ilivyosafiri: uliipiga kwa simu, ikawa JPEG, ukaipunguza, ukaihifadhi tena, ya bajaji ukaihifadhi tena, ukanitumia, simu ikaibana tena. JPEG kila ikihifadhiwa upya hutupa kitu kidogo inachodhani jicho halitakiona. Kwenye simu mama yangu Mwanahija anapendeza. Nilipoikuza kimo cha mlango, uso wake ulikuwa viraba tisa. Nimevihesabu. Bibi akausogelea mpaka pua ikagusa karatasi, akaniuliza, "Rawda, huyu mwanangu au ukuta wa matofali?"

Mjomba, nikwambie lilivyo. Daktari amesema ni presha ya macho, na imeshamla pembeni zote. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye shingo ya chupa, na shingo inazidi kuwa nyembamba. Siku hakutaja. Alisema tu, anachotaka kukiona akione sasa. Mimi mama sura yake siikumbuki, nilikuwa na miaka miwili alipotutoka katika kambi ya wakimbizi. Bibi anaikumbuka, na anataka aione mara moja tena kabla shingo ya chupa haijaziba. Na kuna kitu anakitaja kila siku: mkono. Ule wa kulia. Anasema katika picha mkono wa Mwanahija unaonekana wote, na rangi nyeusi ya piko kwenye kucha. Katika hii uliyonitumia mkono unakwisha kwenye kifundo. Picha imeishia hapo.

Tafadhali itoe karatasi yenyewe mkebeni. Ilaze kwenye skana, nukta mia sita kwa inchi au zaidi, uihifadhi TIFF, uitume kama faili. Na usikate kitu.

Mtoto wa dadako,
Rawda

Kismayu, 12 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Rawda, na mama anayesikiliza,

Waalaykum salaam. Hii imefika safi, si ndivyo? Ni PNG. Mimi mzima, mafuta ya nyonyo nimepaka, goti limeteleza lakini halijapona. Nanyi mmeamkaje?

Ati mimi nifunzwe JPEG? Mpwa wangu, JPEG ilipokuja Kismayu mimi ndiye niliyeipokea bandarini. Nitakueleza kwa lugha ya kwetu ili na mama afaidi.

JPEG ni ng'onda. Samaki umempasua, umemtoa matumbo, umemtia chumvi na kumwanika. Amekuwa mwepesi, anafika Garissa hajaoza, na mchuzi wake unaliwa. Harusi ya picha mia nane utaibebaje bila ng'onda? GIF ni dagaa: kadogo, rangi zake mia mbili hamsini na sita basi, lakini kanarukaruka. Salamu za Idi zenye taa za kuwaka na kuzima, hizo GIF. Dada ukimtia humo atatoka na madoa kama chewa. PNG ni samaki wa kwenye barafu. Mzito, lakini hakupungukiwa kitu, na ana karama moja: hana haja ya sinia. Unaweza kumweka juu ya rangi yoyote.

Hili nina ushahidi wake. Mwaka juzi mwuza barafu mmoja wa bandarini alitaka nembo ya pweza ubavuni mwa mashua yake ya buluu. Fundi mmoja, si mimi, akamchapia kwa JPEG, pweza akatoka na mstatili mweupe nyuma yake. Mwenye mashua akauliza, "Hii shuka ya nani mmeianika kwenye chombo changu?" Nikaletewa mimi. Nikaufuta weupe, nikamhifadhi pweza kwa PNG, shuka ikaondoka. Tangu siku hiyo samaki wanapanda wenyewe ndani ya mashua ile kuja kumtazama.

Kwa hiyo ile picha nimeifungua, nimeihifadhi PNG. Ilikuwa kilobaiti arubaini, sasa ni mia tatu na ishirini. Mara nane. Mtu aliyenenepa mara nane huwezi kumwita mgonjwa. Chapa.

Mjomba wako,
Shuaibu, Bingwa wa PNG Pwani Yote

Mombasa, 15 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo, na salamu za kila mmoja hapa. Sisi wazima isipokuwa hayo unayoyajua.

Barua yako ilikuja safi, kila nukta mahali pake. Bibi amenifanya nimsomee mara mbili habari ya shuka ya pweza, na ya pili alicheka zaidi. Kwa barua na nembo, PNG tumeelewana.

Lakini ng'onda ukimrudisha baharini haogelei, mjomba. Analowa tu. Ulichofanya ni kuchukua ng'onda na kumtia kwenye barafu. Ule unene wa mara nane ni PNG inavyovitunza vile viraba tisa kwa uaminifu mkubwa. Nilipochapa, vilitoka vikali kama vigae vipya vya msikiti.

TIFF ndiye samaki mzima, na magamba yake, na maji bado mdomoni. Ni mzito, simu hazimtaki, na salamu za Idi hatumwi. Yeye ni wa kuhifadhi na wa kuchapa. Ukiwa naye, ukitaka ng'onda utampata kwake, ukitaka wa barafu utampata. Ukianza na ng'onda, mzima humpati tena. Ndiyo maana naitaka karatasi yenyewe kwenye skana, siyo ile ya bajaji.

Na mkono bado haupo. Ni wewe uliyeikata? Bibi anasema picha ile aliiona siku ilipoletwa kutoka kusafishwa, na mkono ulikuwemo, na Mwanahija alikuwa ameshika kitu. Nikamuuliza, "Ameshika nini?" Akaniambia, "Muulize mjombako. Alikuwa karibu."

Jana aliniita Mwanahija. Kisha akanipapasa uso, akasema, "Nisamehe, ni wewe." Ndiyo sababu nakuharakisha.

Mtoto wa dadako,
Rawda

Kismayu, 20 Januari 2024

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Nyumba yote haijambo? Mimi mzima. Msalimu mama umwambie namwombea kila swala, na swala zangu yeye mwenyewe anazijua zilivyo ndefu.

Mzima wako huyo, TIFF. Megabaiti kumi na tisa. Sina hakika kama unaelewa maana ya kutuma megabaiti kumi na tisa kutoka mji huu. Nilipobonyeza, taa za Farjano zilififia, na winchi ya bandarini ikasimama na konteina hewani mpaka faili lilipopita. Wapagazi walinipigia makofi.

Upande wa kulia usinilaumu. Mchwa. Wameingia mkebeni wakala pale pale penye mkono na kuendelea. Mchwa wa Kismayu hawana heshima ya marehemu wala aliye hai.

Dada anaonekana, mimi na kamba yangu tunaonekana. Inatosha. Chapa, mama afurahi.

Mjomba wako,
Shuaibu, Mtumaji wa Faili Zito Kuliko Yote Jubaland

Mombasa, 23 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi tuko salama.

Nimelifungua faili lako dukani, wenzangu wamekwenda kula. Nikalikuza, nikalikuza tena, nikingoja viraba. Havikuja. Alikuja mama. Ana kipini puani. Ana nyusi zinazokaribia kukutana. Chini ya sikio ana kidoti, mahali pale pale alipo nacho Sabah, na mimi siku zote nikidhani Sabah kakitoa kwa kina Tariq. Nimekaa pale mpaka wenzangu wakarudi. Mungu akulipe mjomba, kwa hilo peke yake.

Lakini samaki mzima haonyeshi kimoja akaficha kingine. Ukingo wa kulia umenyooka kama mstari wa daftari. Mchwa hawakati kwa rula.

Na leso ya mama sasa inasomeka. Kichwani amejitanda kipande kimoja, na cha pili, kile cha kiunoni, hakipo kiunoni. Kinaufuata mkono na kutoka nao nje ya picha. Maandishi yanakwenda WASEMAO NA WA, kisha pameishia. Nilipomsomea Bibi akamalizia mwenyewe, "Waseme. Nilimnunulia mimi hiyo."

Kingine, na sikitaji kwa ubaya. Aliyeshika kamba hana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mzee Adnani wa kisiwa cha Chovai, aliyekuwa akitujia kambini na tende, alikuwa hana kidole hicho. Alituambia kimeliwa na papa. Wewe mwaka ule ulipokuja kututembelea ulinishika kichwa kwa mikono miwili, na vidole vilikuwa kumi. Sisemi kitu. Aliyeivuta mashua ameivuta, na mashua yenyewe imeshaoza.

Mimi nautaka mkono. Nilimwambia Bibi nimchapie hii iliyopo. Akakataa. Akasema, "Sikumzaa Mwanahija na kigutu. Ukinipa nusu nitalala na nusu." Na Jumapili hakuiona sahani mpaka nilipoigusisha na vidole vyake.

Mtoto wa dadako,
Rawda

Mombasa, 14 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumai u mzima; Faisal nimempigia akasema anakuona kila asubuhi unafungua duka, unafunga.

Siku ishirini na mbili sasa. Jana Bibi alijimiminia chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina, akisikiliza ijae. Daktari ameongeza dawa, hakuongeza maneno.

Karatasi kama imepotea, niambie. Kama imechanika, niambie, nitaunga. Kama ni jambo jingine, usiniambie. Nitumie tu.

Rawda

Kismayu, 16 Februari 2024

Rawda,

Assalaam alaykum. Mimi mzima.

TIFF. Nukta elfu moja na mia mbili kwa inchi. Megabaiti mia moja. Haikukatwa. Chapa leo.

Mjomba wako,
Shuaibu

Mombasa, 21 Februari 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, tena kwa magoti mawili. Sisi wazima, na leo ninaposema wazima nakusudia sote.

Nilichapa Jumamosi. Kimo cha mlango, upana mlango na nusu. Mashine ilichukua dakika arubaini, na mwenye duka akaja kusimama, akauliza hii wameipiga kwa kamera gani. Tariq akaitundika chumbani kwa Bibi, ukuta unaotazamana na dirisha, saa tatu ya asubuhi ambapo mwanga ni mwingi.

Tukamsimamisha mbele yake. Hakuiona yote kwa pamoja, shingo ya chupa hairuhusu. Alianza juu akashuka kidogo kidogo, pua inakaribia kugusa karatasi, na kila alipofika akitutajia. "Kipini. Hiki nilimtoboa mwenyewe, alinitukana." "Kidoti." "Bega." "Kiwiko, huyu mtoto alikuwa na kiwiko cha kuchoma watu." Kisha kifundo. Kisha mkono.

Alikaa kwenye mkono muda mrefu. Piko lipo, kwenye kucha zote tano. Ameishika ile leso kwa nguvu, kaibana kwenye fundo, vidole vimekunjika. Bibi akaanza kuifuata leso ilikokwenda. Ikazunguka kiuno cha kijana mmoja mwembamba, kifua wazi, mbavu za kuhesabika, uso umevimba kwa kilio, amejikunja kama aliyemeza ndoana. Bibi akamtazama huyo kijana kutoka miguuni mpaka kichwani. Akasema, "Ndiye huyu." Akacheka mpaka akamshika Tariq begani, Tariq akakimbilia kumletea kiti, akakikataa, akacheka amesimama, na machozi yale ya jicho linalouma yakamtoka pamoja na yale mengine.

Nikamuuliza, "Bibi, huyu nani?" Mimi nilikuwa nimeshajua, lakini nilitaka lisemwe. Akanijibu, "Aseme mwenyewe. Ana miaka hamsini na mbili, kinywa anacho, nakisikia kila barua."

Tangu hapo kila baada ya alfajiri anakwenda ukutani. Uso wa mama anaupita. Anakwenda moja kwa moja kwenye mkono, anauwekea kiganja chake juu.

Faili nimelihifadhi mara tatu, mahali patatu. Kutoka kwake nimetoa JPEG ndogo ya kwenye simu, Sabah ameiweka kwenye yake. Hatujamwambia mtu yeyote kitu.

Sasa andika.

Mtoto wa dadako,
Rawda

Kismayu, 25 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Rawda, na kwa mama, na Tariq kama yuko chumbani mtoe kwanza,

Waalaykum salaam. Nimefurahi kwa uzima wenu. Nilipofika pale mama anapotaja kiwiko nilifunga duka. Watu walidhani ni swala.

Picha ya bajaji nimeibandua. Nimemwambia Faisal jua limeichuja. Akaniuliza mbona ile ya mwuza sabuni iliyo kando yake haikuchujwa na jua hilo hilo. Nimembandikia nyingine, ya pweza.

Haya. Siku ile ya mashua mimi nilitaka nionekane mchu mzima. Nikachukua kikoi cha marehemu baba, kile cha Idi, kilichonizidi kipimo, nikajifunga kama nilivyoona wakubwa wanavyojifunga. Adnani alikuwa mbele kwenye kamba, na mimi nyuma yake wa tatu. Wa tatu ni kweli, nakuapia, hilo usilitie kwenye uongo. Wimbo ulipopanda na mashua ikaanza kwenda, tulivuta. Kamba ikaenda, mashua ikaenda, wachu wakaenda, na kikoi kikabaki pale pale. Mashua ilipita juu yake. Kisiwa kizima kilikuwa kimesimama pale, na wageni wa Chovai, na mpiga picha wa mji.

Sikujua pa kukimbilia. Mbele bahari, nyuma wanawake. Nilichuchumaa nikalia, miaka kumi na saba. Dada akatoka kwenye wanawake, hakucheka, akaivua leso ya kiunoni akanizungushia, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inatetemeka haiwezi kufunga, akalishika fundo yeye. Mpiga picha akapiga kelele, "Tulieni." Tukatulia. Dada hakuliachia mpaka tukafika nyumbani.

Karatasi ilipoletwa, mimi ndiye niliyeikunja upande ule usionekane. Skana nilipoinunua, kitu cha kwanza nilichojifunza kwa mashine zote za dunia ni kukata ukingo wa picha. Miaka yote hiyo sikufikiri kwamba nilipokuwa najikata mimi nilikuwa namkata na yeye. Wewe uliponiandikia kigutu, nilikaa na ule mkebe siku ishirini na mbili. Nilikuwa naufungua, naangalia, naufunga. Kisha nikasoma kwamba mama anasikiliza chai ijae.

Basi sasa ipo, nukta elfu moja na mia mbili kwa inchi, na mbavu zangu zote. Wacha ikae ukutani. Sabah akiuliza ni nani yule, mwambie ni mjomba wa mama yake siku aliyoshikwa na dada yake.

Mama, nakubusu mkono. Mkono wa dada nao niwekee salamu zangu, wewe ndiye unayeufikia.

Mjomba wako,
Shuaibu

Nimesahau kidogo. Pale niliposema mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Haikuwa inatetemeka sana. Kikoi sikuwa najua kukifunga, na mpaka leo, mpwa wangu, sijui. Vyangu vyote vimeshonwa lastiki.